Mguu Niliouinua

Mwanangu Zuhura,

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka. Siku ile nilikusema mbele za watu, basi na leo nataka wasikie.

Kwanza nikusifu, toba itafuata. Hapa Tabora akina mama wenzangu wana watoto wauguzi, wana walimu, nawapa hongera zao. Mimi nina fundi. Wakikuulizia nawaambia, "Wangu yuko Mwanza, anafungua gari zima na kulirudisha, haibaki hata nati moja." Hiyo nati nimeiongeza mwenyewe, lakini najua sijadanganya sana.

Unaikumbuka asubuhi ile uani? Arobaini ya baba yako ilikuwa bado, na ndoo za asali zilikuwa Sikonge zinangoja kipanya chake, kile kibasi, kizifuate. Ukikanyaga breki, pedeli inazama mpaka chini. Ukaniambia breki zimeingia upepo. Ukalala chini ya gari na spana yako, na kile kimpira cheupe cha kutolea upepo, ncha moja kwenye tairi, nyingine umeitumbukiza kwenye chupa. Mimi juu, kwenye kiti cha dereva, najiona rubani.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo. Usiachie mpaka nikwambie nimefunga nati."

Mapovu yakawa yanatoka, nawe unacheka peke yako huko chini. Tulianza na tairi la mbali, nyuma kushoto, tukaja mpaka la mwisho. Ndipo akaingia bibi yako, mama mkwe wangu, ametoka Puge. Sasa mwanangu, ningemwamkia mama mzaa mume wangu nimekaa juu kuliko yeye? Nikaruka chini, nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

Ukapiga ukelele: "Mama, mguu!"

Hujafunga, mimi nimeachia. Upepo ukaingia upya.

Bibi yako akaigusa pedeli, ikazama. "Vipi, halijapona tu?"

Nami nikajibu, Mungu anisamehe, "Huyu naye bado anajifunza."

Majirani waliokuwepo uani wakacheka. Mmoja akasema, "Mtoto wa kike huyo, mpeleke cherehani." Ukachungulia, vumbi kichwani, ukanitazama mara moja. Ukarudi chini, ukalianza upya lile tairi. Mchana asali ikaja, na mimi nikazunguka mtaa mzima nikijisifu kwamba tumelitengeneza wawili.

Ukaondoka mwezi uliofuata. Ukipiga simu unauliza afya yangu, unauliza mvua, unauliza mpaka kuku. Gari huliulizi. Mimi najua kwa nini.

Wiki iliyopita pedeli ikalainika tena. Fundi wa njia panda akataka ninunue masta silinda nzima, ile pampu ya breki. Nikamwambia, ngoja kwanza baba. Nikachungulia kila tairi kwa ndani kama ulivyokuwa ukifanya, nikakuta la nyuma kulia limelowa mafuta ya breki. Akabadilisha vile vimpira vya ndani, basi. Upepo nikamwambia nitautoa mwenyewe. Alinitazama! Nikamwambia mwanangu ni nani.

Wa kukanyaga alikuwa bibi yako, siku hizi anakaa kwangu. Miguu yake ya kulima karanga bado ina nguvu. Mimi nikajilaza chini, na huko chini, nisikouona uso wake, maneno yakanitoka.

"Mama, siku ile mguu ulikuwa wangu. Mtoto hakukosea."

Nikadhani amekasirika, ameshuka. Nikatazama kimpira: mafuta yanatoka taratibu, hayana povu hata moja. Alikuwa ameshikilia.

Mara hodi. Kaka mkubwa wa bibi yako, ametoka Puge kuja kumsalimia, yule mzee ambaye hata yeye humpigia goti. Nikajua kazi imeharibika. Nikamsikia bibi yako anapaza sauti, kakaa pale pale kitini:

"Shikamoo kaka! Niwie radhi, siinuki. Nimeshika breki, na mjukuu wangu Zuhura alishakataza mguu kuachia."

Nililia chini ya gari, mwanangu, vumbi likawa tope usoni.

Linasimama vizuri sasa, nimelijaribu mpaka Sikonge na kurudi. Lakini mimi si fundi. Njoo Idi ulikague. Watu watakuwepo, na hayo niliyoyaandika nitayasema tena kwa mdomo wangu, wewe umesimama kando yangu.

Nisamehe.

Mimi mama yako,
niliyeinua mguu.