Ufuo Bado Upo, Wafula

Wafula ndugu yangu,

Nimerudi kutoka Ndabibi jioni hii. Mke wangu ameuliza kazi ilikuwaje, nikasema "salama," basi. Mengine yote nilikuwa nakuambia wewe njiani. Siku hizi njia ni ndefu na sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika.

Tangu Jumapili ile ulipoanguka usiamke tena nyumbani kwako Free Area, ukifunga tai uende kanisani, ofisi haijaleta mtu mwingine. Wanasema ngoja. Basi nikawa naenda ziwani peke yangu kuupima ufuo wetu, ule mchanga ulioletwa na malori baada ya ziwa kufurika na kumeza ufuo wa zamani, watu wakakosa pa kunyweshea ng'ombe na wavuvi pa kuegesha boti. Unajua kazi yenyewe ni ya wawili. Mmoja anachungulia darubini nchi kavu, mwingine anaingia majini na mti wa kupimia, hatua kwa hatua mpaka maji yamfike kifuani, ndiyo tujue mchanga umepanda au umeshuka. Wa majini ulikuwa wewe. Mimi mjukuu wa watu wa Pwani, kuogelea sijui. Ulinicheka kwa hilo mpaka ukachoka.

Siku ya kwanza bila wewe niliufunga mti kwenye kigingi, nikarudi kwenye darubini, nikapaza sauti kama kawaida: "Inua kidogo!" Upepo tu. Ng'ombe mmoja akageuka akaniangalia. Nilikaa chini kwenye mchanga, Wafula, nikashindwa kuinuka. Toka hapo nikawa napima pakavu tu, naishia maji yanapoanzia.

Halafu mvua za masika zikaja na mawimbi yakaukata ufuo. Pale tulipokuwa tunakaa kula chapati palibaki ukingo wa mchanga wa kunifika kiunoni, na chini yake maji. Watu wakaja juu. Kwenye baraza, mkubwa wa mradi akasema mchanga umekwisha, heri ujengwe ukuta wa mawe. Wavuvi wakakataa kabisa. Boti zitapanda wapi? Ng'ombe nao watapita wapi? Mathe mmoja, mama mtu mzima, akanigeukia: "Si wewe ndiye unapima? Mchanga umeenda wapi?"

Walichotaka kujua kilikuwa chini ya maji, na majini sikuwa na mtu tena. Nikawaomba muda.

Siku hizo hizo mkeo Selina akanipigia. Habari za baraza hakuwa nazo. Alitaka tu kuona ulipokuwa unashinda. "Kila mara alirudi na mchanga mifukoni," akaniambia, "na mimi ndiye nilikuwa nafua."

Nikamleta. Alitembea ufuo mzima, leso begani. Nilipomweleza shida yangu, akavua viatu.

Nikamkataza. Nikamwambia kuna viboko, nikamwambia maji ni baridi. Akasema, "Shem, mimi nimekulia kando ya mto Nzoia. Lete huo mti."

Mvuvi mmoja akasogeza boti karibu naye amchungie viboko, naye akaingia. Niliweka jicho kwenye darubini nikawa sioni kitu. Darubini haikuwa na shida.

Karibu na ukingo maji yalikuwa na kina, yakamfika kifuani. Lakini alivyozidi kwenda mbele, badala ya kuzama akaanza kupanda! Maji yakashuka kiunoni, yakashuka magotini, akawa amesimama katikati ya maji kama mtu aliye juu ya meza. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike. Mchanga ulikuwa pale, umelala chini ya maji kama mgongo mrefu. Ni ile kona kijito kinapoingilia ziwani tu tuliyoipoteza kweli. Huko alikanyaga tope tupu.

Barazani nilisema yote mawili. Nikasema upepo ukitulia, maji yatausukuma mchanga urudi, si wote, lakini mwingi. Ile kona waiache, wasimwage mchanga tena, wapande mafunjo yashike tope. Kelele zilikuwa nyingi, ila ukuta ukaahirishwa.

Leo nimepima tena. Mchanga umeanza kurudi. Ule ukingo umelala, boti zimepandishwa juu, ng'ombe wanashuka bila kuteleza. Nilitoa simu nikupigie. Nilishaifungua namba yako, ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale na habari yangu njema kama mtu aliyebeba sahani ya chakula katika nyumba isiyo na watu.

Selina amerudi kwenye kibanda chake cha nguo. Ofisi imeahidi kuniletea mtu. Atakuwa mtu mwema, inshallah. Hatakuwa wewe.

Desemba Selina anawapeleka watoto Bungoma kuweka msalaba kaburini kwako, na nimemwambia nitakwenda nao. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa ya hema, vipaza sauti vikipiga kelele, sikupata hata nafasi ya kukuaga. Safari hii nakuahidi nitafika mpaka ulipo. Nitakuombea dua kwa namna yangu, utanivumilia. Kisha wengine wakienda kunywa chai nitabaki na wewe, tukae tu mchana kutwa, bila kupima chochote.

Pumzika, ndugu yangu.

Hassan