Wodi ya Minyanya Nyuma ya Jiko

Nyumbani,
Mlango wa karakana ya redio,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa binti yangu Chiriku,

Kabla ya salamu, naomba usimame kidogo popote ulipo. Ukoo wetu unasikitika kukutangazia vifo vya mashina kumi na moja ya nyanya, vilivyotokea Jumanne katika wodi ya baba yako nyuma ya jiko, baada ya kuugua kwa siku sita. Mazishi yalifanyika siku hiyohiyo kwenye shimo la mbolea. Hakuna aliyelia isipokuwa mwenye wodi, naye alisema ni vumbi. Sasa unaweza kukaa.

Hujambo, mwanangu? Kazi inaendeleaje, na ule mgongo uliolalamika kwenye barua yako iliyopita umenyamaza? Baridi ya huko imekuachia vidole vyote kumi? Sisi huku ni wazima, tunaiva tu. Joto la mwaka huu halina adabu. Ukianika shati, ukigeuka limekauka. Ukigeuka tena limepauka. Ukimwagilia bustani saa mbili asubuhi, saa tatu udongo unakuuliza maji gani.

Najua unajiuliza, wodi gani tena? Unamfahamu baba yako, huyu kaka yangu. Alipostaafu uuguzi baada ya miaka thelathini na minne, alikaa mwaka mzima akiwapima wageni presha kwa nguvu, hata waliokuja kuuliza njia. Watu wakapungua. Mama yako akampa jembe, akamwambia, "Kauguze ardhi, mimi nipumue."

Alianza kwa akili, siwezi kumnyima haki yake. Alitundika mashuka ya zamani juu ya nguzo nne ili mboga zipate kivuli. Alifunika udongo kwa nyasi kavu usichomeke. Mipapai miwili aliiweka karibu na bafu inywe maji ya kuogea. Bamia aliipanda penye jua kali kwa sababu bamia haimwogopi mtu. Nyanya aliziweka upande wa ukuta, kwa kuwa nyanya, alisema, ni mgonjwa wa kudekezwa: ukimpa maji mengi anaoza, ukimpa machache anaangusha maua, ukimsahau siku moja anakufa makusudi ujutie.

Kisha zahanati ya mtaa wa pili ikafungwa, na mwenyewe akampa baba yako maboksi ya dripu zilizopitwa na tarehe. Akamwaga yale maji ya chumvi ya hospitali, akajaza maji ya bomba, na kila mfuko aliokwisha kuujaza akaufunga uzi mwekundu ili asichanganye. Siku niliyoingia uani nikakuta ndoo kumi na mbili za rangi zimepangwa sita kwa sita, kila ndoo ina mche na namba, na juu ya kila mche inaning'inia dripu, tone, tone, tone, nilitoka nje nikapiga hodi upya. Nilidhani nimekosea nyumba.

"Pita, lakini usiguse wagonjwa," baba yako akasema.

Alikuwa na faili. Naapa, mwanangu. "Namba nne: ameamka vizuri, ametoa maua matatu." "Namba tisa: majani ya chini manjano, aangaliwe." Fundi Seremala, jirani yetu asiyejua kunyamaza, akawa anachungulia juu ya ukuta kila jioni.

"Dokta, saa ya kuona wagonjwa ni saa ngapi? Nimewaletea machungwa."

"Wewe ni ndugu yao?"

"Mimi shemeji yao."

"Basi kaa huko huko, shemeji huleta maradhi."

Tulicheka, lakini wodi ilifanya kazi. Tone moja moja kwenye shina, jua halipati cha kunyonya. Mtaa mzima ukiwa na minyanya iliyosinyaa, ya baba yako ilishika matunda makubwa kama ngumi ya bondia. Mama yako alipika nazo, mimi nilikula nazo, na Seremala aliiba mbili akidhani hatujui.

Jumatano ya wiki iliyopita, wagonjwa wakaanza kuanguka. Kwanza ncha za majani zikaungua. Kisha shingo zikalegea. Baba yako akaongeza dripu. Zikalegea zaidi, akaongeza zaidi, na faili likajaa. Alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Hakuna mtu aliyewahi kuhangaikia nyanya namna hiyo, hata anayeziuza.

Jumanne nikaenda kumsaidia. Nikaona juu ya udongo wa namba saba kuna unga mweupe. Unajua elimu yangu: sikusoma, nimejifunza kwa kufungua vitu na kuonja. Nikaonja. Chumvi! Chumvi tupu, kama nimelamba jasho la mpagazi. Nikaangalia mifuko. Mfuko wa kwanza hauna uzi. Wa pili hauna uzi. Kumi na miwili yote haina uzi hata mmoja. Wiki nzima tulikuwa tunawanywesha wagonjwa maji ya chumvi, na aliyenusurika ni mmoja tu, yule ambaye mrija wake uliziba.

"Kaka," nikamwambia, "hii mifuko umeitoa boksi gani?"

"La mkono wa kulia. Iliyofungwa uzi."

"Uzi uko wapi?"

"Si huo hapo," akasema, akanyoosha kidole.

Mwanangu, kidole chake kilikuwa kinaonyesha ukuta.

Nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa pale pale kwenye nyasi kavu. Mimi ninayejisifu mtaani kwamba hakuna kinachonipita! Mambo yote yakanirudia kwa pamoja. Lile faili, mistari yake imepandana kama watoto kitandani, nikasema ni mwandiko wa watu wa hospitali. Siku aliyoamkia pipa la maji, "Shikamoo mzee," nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Na picha uliyotutumia ukiwa mbele ya nyumba yako mpya: baba yako alishika simu akasema umenawiri, mlango mzuri, rangi nzuri. Simu ilikuwa imezimwa. Niliiona imezimwa kwa macho yangu haya, nikadhani anatania.

Kisha nikakumbuka dawa za mama yako, na jasho likanitoka ambalo halikuwa la joto. Kila asubuhi akimaliza kuzungukia minyanya, baba yako ndiye humhesabia mama yako vidonge vya presha kutoka kwenye lile kopo la biskuti. Vya asubuhi vyeupe, vya jioni vyeupe, vya usingizi vyeupe. Nilikimbia jikoni bila viatu.

"Shemeji," nikamwambia, "leo umekunywa dawa?"

Mama yako alikuwa anakatakata bamia. Hakuinua hata kichwa.

"Nimekunywa zangu."

"Alizokupa kaka?"

Akaweka kisu chini. Akanitazama, kisha akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Alizonipa nimetia mfukoni. Zangu nimechukua mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tisa, alipomimina chai pembeni ya kikombe akaniuliza kama sukari imetosha."

Miezi mitano, Chiriku. Miezi mitano mama yako anapokea vidonge, anasema asante, anameza mate, anazunguka nyuma ya mlango kuchukua vya kweli. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Jibu lake nakuandikia kama lilivyo: "Shemeji, mtu ameuguza watu miaka thelathini na minne. Nimwambie mimi, mkewe, kwamba hawezi kuniuguza mimi peke yangu?"

Tulipogeuka, baba yako alikuwa amesimama mlangoni ameshika mche wa namba saba, mizizi inaning'inia. Sijui alifika saa ngapi.

"Na leo nilikupa nini?" akauliza.

Mama yako akafuta mikono kwenye gauni.

"Mama Chiriku, nakuuliza. Leo nilikupa nini?"

Mama yako akatia mkono mfukoni mwa gauni, akamfungulia kiganja. Baba yako akashindwa kuona, akapapasa kwa kidole.

"Kina matundu," akasema.

"Manne," mama yako akasema. "Ni kifungo cha shati lako. Nilikiweka kwenye kopo nije nikishone."

Baba yako alicheka. Alicheka vizuri kabisa, hadi akashika fremu ya mlango, nasi tukacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akakaa kwenye kiti cha jikoni akaufunika uso kwa ule mkono wenye udongo. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku tuliyomzika babu yako.

Alijua, mwanangu. Alijua ugonjwa wake tangu mwaka jana: mtoto wa jicho. Ameshika mikono ya mamia ya watu wakipelekwa kutolewa huyo huyo, akiwaambia hakuna kitu, utafumba ukiwa na kiza utafumbua ukiwa na mwanga. Mke wangu, mama yako mdogo, alipofanyiwa jicho lake, ni yeye aliyemtania mpaka mlangoni mwa chumba cha operesheni. Nikamuuliza, sasa wewe unaogopa nini?

"Ninyi hamkuwashika mikono," akasema. "Mimi najua wanavyotetemeka."

Nikaanza kuhutubia. Niliandaa hoja tatu. Mama yako akanikatiza, akachukua kisu chake, akarudi kwenye bamia.

"Asiyetaka kwenda asiende," akasema. "Kazi ya dawa sikunyang'anyi, utaendelea nayo. Ila kifungo sitameza."

Ijumaa asubuhi baba yako alivaa shati lililokosa kifungo, akanishika begani, tukaenda. Njia nzima ananiambia mahali penye mashimo, na yote alikosea. Hospitalini, muuguzi mmoja kijana akamsomea faili lake, akamwuliza: "Mzee, hapa imeandikwa ulikuwa muuguzi. Sasa umechelewa wapi?" Baba yako, ambaye wodi nzima ilikuwa ikinyooka akikohoa, aliinama kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Macho yote mawili yamefunikwa na huyo mtoto wa jicho. La kulia litaanza kupasuliwa, tarehe ishirini na sita. Daktari anasema ataona tena, tena vizuri, ila angekaa mwaka mwingine asingeahidi.

Ameniapisha nisikuambie, usije ukaacha kazi ukapanda ndege. Niliapa kwamba sitasema. Habari ya kuandika hatukuigusa. Kwa hiyo usije. Piga simu tarehe ishirini na tano jioni, umuulize habari za mipapai, uongee sana kama kawaida yako mpaka achoke apate usingizi. Na ile picha ya nyumba itume upya mwisho wa mwezi. Usimwambie ni ya pili.

Mimi bado sijatulia. Tangu Jumanne kila mtu ninayekutana naye namwonyesha vidole aniambie ni vingapi. Mama yako mdogo amesema nikimwonyesha tena atavikata.

Wanakusalimu: mama yako, ambaye sasa kopo la dawa analo yeye hadi macho ya baba yako yapone, na vifungo vina mahali pao, mama yako mdogo, bibi yako wa upande wa pili, anayeuliza kama huko mnakula, na Fundi Seremala, aliyekuja na machungwa ya kweli safari hii, akakaa na baba yako jioni nzima bila kutania hata neno moja, jambo lililotutisha sote. Mwenyewe baba yako hakusalimu, kwa kuwa hajui ninaandika.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe riziki isiyokuchosha mgongo, na akuonyeshe mema yako yakiwa bado mbali.

Ni mimi nikupendaye, hata usipojibu upesi,
Baba yako Mdogo.

Nilisahau: nilimuuliza yule muuguzi. Kila siku wanafanyiwa operesheni hiyo ya jicho watu thelathini na wawili, na kufikia saa saba mchana wote wamesharudi makwao kula.