Fundo Langu Huko Juu

Jumatatu, 3 Machi
Kimya. Setilaiti yetu ndogo, saizi ya pakiti ya maziwa, iko juu tangu wiki iliyopita na haijasema neno. Ikipita tunaigeuzia antena ya paani, tunavaa hedifoni, tunasikia mvumo tu. Bosi ana hakika antena mbili za setilaiti hazikufunguka. Zilikunjwa na kufungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Ikifika juu, waya unapata moto, unakata mshipi, antena zinachomoka. Kwa hiyo kosa ni la fundo — na kwa fundo wote wananitazama mimi. Bosi kasema aliyeharibu hataigusa setilaiti ya pili tutakayounda. Chakula hakipiti.

Jumanne, 4 Machi
Antena ya kulia nilifunga mimi. Ya kushoto alifunga Bosi mwenyewe, siku ya wapiga picha, akitabasamu bila kuangalia mikono yake. Hilo hakuna anayelikumbuka! Fundi wa redio analikumbuka, ila ana watoto wa kusomesha. Nyumbani, mezani, wifi yangu kauliza kama "mtoto wetu" wa angani bado amenuna. Nikacheka, kisha nikaenda bafuni kutoa machozi.

Jumatano, 5 Machi
Bado. Jioni nzima nimefunga fundo lile lile kwa kamba ya kiatu. Ni fundo zuri. Kosa silioni.

Alhamisi, 6 Machi
IMESEMA! Hafifu, kama mtu mwenye mafua, lakini ni yenyewe. Fundi wa redio alinyoosha mkono tunyamaze. Ilituma jina letu, kisha hali ya betri. Betri nzima! Nikakaa sakafuni. Bosi kamkumbatia hata mlinzi, kapigia watu simu akilisifu "fundo letu". Haya, letu. Nilimpigia wifi nikashindwa kuongea, akadhani kuna msiba. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Sauti ni hafifu kwa sababu antena moja tu imefunguka. Fundi wa redio kaniwekea karatasi ya vipimo mezani, akaondoka akijikoholesha. Ya kulia: wazi. Ya kushoto: bado imefungwa.

Fundo langu halikukosea. Karibu nimwonee Bosi huruma. Karibu.

Naandikia stoo, mlango nimeurudishia. Namsikia Bosi kwenye korido, anataka kujua ni antena ipi imegoma na nani aliifunga. Fundi wa redio anamjibu kwamba karatasi ninayo mimi. Viatu vinakuja huku —