Kisu butu kimenikata

Belyse, Shema, na Baba yao,

Nimeenda kituo cha afya kushonwa kidole. Ndizi nimemenya nusu, malizieni.

Lakini noeni kisu kwanza. Kile kidude cha plastiki alicholeta Baba kinakwaruza tu. Tumieni kinoo kilicho chini ya sinki. Kilowekeni kwenye maji, anzeni upande wenye chenga, malizieni upande laini, na kisu mkilaze. ~~Shema anoe.~~ Belyse anoe, Shema ana papara.

Kisu chenye makali kingekata ganda. Hiki butu kiliteleza kikaja kwangu.

Niliwaita jamani. Belyse alikuwa na muziki masikioni. Shema alijibu "nakuja" toka kitandani. Baba alinionyesha mkono, eti anaongea na simu. Nikangoja, damu inadondoka kwenye ndizi, mwishowe nikatoka nje.

Aliyenifunga kidole kwa kitenge chake ni yule dada anayepitisha dagaa wa sambaza mtaani. Hata jina lake silijui. Akaniuliza, "Pole, Mama. We unakaa peke yako humu?"

Nikamwambia hapana, tuko wanne.

Mama