Nilivyopimwa kwa Mizani ya Mahindi

Idodi, Jumamosi

Kumbe kindege chenyewe cha kuhesabia tembo kina viti viwili tu, na bawa liko juu ya kichwa ili waonekane vizuri huko chini. Rubani ni Tumaini, binti wa dada yangu. Akanipandisha kwenye mizani ya mahindi mbele za watu!

"Mjomba, kindege hiki hakikuwezi. Vua koti na mabuti, la sivyo utabaki."

Nibaki vipi, nami nimeshatangazia kijiji kizima kwamba leo naruka? Nikavua. Nikapanda peku kama kuku.

Huko juu niliogopa, nakiri. Nilifumba macho mpaka Tumaini akanicheka. Tukahesabu tembo tisa, wote mbali na mashamba yetu.

Kesho nikisimulia kijiweni, tembo watakuwa arobaini, na usukani nilishika mimi.