Kuchukua Breki

Gisenyi, 10 Januari 1956

Kwa Dauda, mutoto wa shangazi yangu, mubyara wangu mwenye masikio kama sahani,

Salamu nyingi kuliko maharage ya Kanama. Mi muzima, nyumba nzima iko muzima, mama yako Shangazi Saidati muzima na mukono wake ungali muzito. Bibi Nyirahabimana anauliza kama kule Kampala wanakupa chakula ao wanakutupia maganda ya ndizi tu. Kama we iko mugonjwa, pona haraka, usije ukafa kabla ya kusoma sifa zangu.

Bon. Kazi uliyonitafutia kwa Bwana Pilki nimeishika kwa mikono miwili. Muzungu huyu amekodi nyumba pale mbele ya ziwa, na kazi yake ni kuchora ndege. Mutu muzima, na ndevu zake, anakaa muchana wote anamutazama munandi akikausha mabawa! Mi naosha gari, nalinda gari, nabeba kikapu. Wabelgiji hawamuelewi, wavuvi hawamuelewi. Ni mi peke yangu. Kingereza changu unakijua: madarasa mawili na nusu, tena nilikaa dirishani, na nje ya dirisha walikuwa wanapita watu wa Uganda.

Muzungu anapenda neno moja: breki. Asubuhi ya kwanza alitoka barazani akasema, "Breki fasti!" Fasti ni haraka, hata mbuzi anajua. Nikaruka ndani ya gari nikavuta breki ya mukono mpaka ikalia. Akarudia, "Breki fasti!" Nikavuta tena. Alifurahi mpaka akawa mwekundu. Siku ile alichelewa kula, sijui kwa nini. Mupishi anasema mayai yalipoa bure jikoni.

Halafu kwenye mulima wa Kanama gari ikazima. Akasema, "Breki dauni." Dauni ni chini. Donc nikalala chini ya gari nikaishikilia breki kwa vidole, na yeye akainama kunitazama kama mi ndiye ndege.

Sikuulizi, usifikiri nakuuliza. Lakini we unayejidai mutu wa Kampala, andika breki zote unazojua, nione kama umejifunza kitu.

Mubyara wako anayekushinda sura,
Kadiri

*

Kampala, 24 Januari 1956

Kwa Kadiri, mtoto wa mjomba wangu, kichwa cha fenesi,

Salamu zako zimefika na nimezifua kabla ya kuzivaa. Mimi mzima. Mpe Mama shikamoo yangu, na Bibi mwambie ninakula.

Sasa fungua masikio. Kazi hiyo hukuipata kwa sura yako. Bwana Pilki ni kaka yake Memsabu wangu. Nilisimama mbele yake nikaapa kwamba mtoto wa mjomba wangu anajua Kiingereza, kwa kuwa wewe, mwongo, uliniandikia kwamba unakijua. Memsabu akasema: haya, lakini akiharibu, mtaondoka wote wawili. Miaka minne nimeshika usukani wa gari lake, Kadiri. Mama anakula kwa usukani huu. Ukianguka huko, ninayevunjika ni mimi huku.

Wazungu wana maneno mawili yenye sauti moja. Moja ni chuma cha kusimamisha gari. La pili ni kuvunja, na hilo ndilo haliwatoki mdomoni. Fasti ya asubuhi si haraka, ni saumu. Mtu hajala usiku kucha, asubuhi anafungua. Breki fasti ni futari yao, mjinga wewe. Bwana alikuwa na njaa! Breki dauni, gari limeharibika. Breki ze nyuzi ni kumpasulia mtu habari mbaya polepole asizimie. Breki ze aisi, yaani kuvunja barafu, ni kuanza maneno baina ya watu walionuniana. Na hili lishike kuliko unavyoishika Fatiha: akisema "lets tek e breki", maana yake ni tupumzike. Kaa chini. Usiguse kitu.

Wala usibishe kwamba neno moja haliwezi kuwa na kazi nyingi. Sisi nasi tunavunja jungu na chungu kinabaki kizima, na mtu akivunjika mbavu kwa kicheko hatumpeleki hospitali.

Mubyara wako kwa bahati mbaya,
Dauda

*

Gisenyi, 6 Februari 1956

Kwa Dauda, sultani wa waongo,

Salamu. Sisi wote hatujambo, hata kuku. We sijui, na sikuuliza.

Barua yako nimewasomea wavuvi, wamevunjika hizo mbavu unazosema. Ati wazungu wanafunga saumu kila usiku! Tangu lini? Na mwezi wao unaandama wapi, jikoni?

Dauda, mi nakujua. Si ni we uliniambia moto wa mulima Nyiragongo unazimwa kwa maziwa, nikaiba kibuyu cha Bibi nikakimbia nacho mpaka nje ya muji, nikapigwa mpaka nikasahau jina? Si ni we ulinifundisha kwamba "gudi naiti" ni salamu ya asubuhi, nikamuamkia nayo Muzungu wa posta muda wa mwaka muzima? Mubyara akipata shimo anamusukuma mubyara mwenzake ndani, ndiyo sheria yetu. Bibi mwenyewe anasema: mubyara akianza kukuheshimu, jiulize umemukosea nini.

Donc nimekushika. "Kaa chini, usiguse kitu." Unataka Bwana anikute nimekaa kama jiwe la kusagia, anifukuze, we ulete mutu wako wa Kampala. Aka! Bwana akisema "tek ze baskit" nachukua kikapu, na anasema asante. Akisema "tek e breki" nitachukua breki. Chukua ni chukua.

Anayekushinda akili pia,
Kadiri

*

Kampala, 15 Februari 1956

Kadiri,

Salamu baadaye. Kwa barua hii moja utani tuuweke kando. Naapa kwa maziwa ya mama yangu Saidati. Maziwa ya Nyiragongo yalikuwa utani. Gudi naiti ilikuwa utani. Hili si utani. Breki ya gari usiiguse mpaka Bwana mwenyewe ainyooshee kidole.

Jana Memsabu aliniuliza kama kaka yake yu salama mikononi mwako. Nikasema ndiyo. Ukinitoa kwenye usukani huu, mbwa wewe, nitakuja Gisenyi kwa miguu nikutafune.

Dauda

*

Gisenyi, 27 Februari 1956

Kwa Dauda, mubyara wangu mupendwa, muzuri, mwenye masikio ya kawaida kabisa,

Salamu nyingi, ongeza zingine juu yake. Afya yako? Moyo unapiga vizuri? Umekaa? Kaa. Nataka kukupasulia polepole, ile breki ze nyuzi yako.

Bwana Pilki muzima. Ndege wake wazima. Kikapu muzima. Mi muzima, nimechubuka kidogo. Umeona kitu ambacho sijataja?

Gari iko ndani ya ziwa.

Usinirukie, sikiliza kwanza. Barua yako ya kiapo nilikuwa nayo mufukoni. Niliisoma nikasema: mutu anayeapa kwa maziwa ya mama yake ana kitu kikubwa anaficha. Tulikuwa kwenye mulima wa Rubavu, kwenye mutelemuko juu ya migomba. Bwana akatandika blanketi, akatoa chupa ya chai, akajinyoosha, akasema, "Kadiri, lets tek e breki." Yewe! Damu ilinichemka. Nikasema leo ndiyo leo, Dauda ataona nani bwege. Nikaingiza kichwa, nikaingiza mukono, nikaichukua.

Ilichomoka vizuri. Gari nayo ikaenda vizuri. Mwanzoni haikukimbia, ilitembea kama bibi arusi. Nikamutazama Bwana nipate asante yangu. Alikuwa amesimama na kikombe mukononi, mudomo wazi. Halafu ikapita katikati ya migomba, ikapita nguo za watu zilizoanikwa, ikachukua shuka moja nyeupe ikajifunika, wavuvi wakaona arusi inawajia wakaruka majini kuipisha. Ziwa letu halina kiboko, watoto wa pale walikuwa hawajamuona. Sasa wamemuona, tena mwenye taa mbili.

Bwana akamwaga chai yake yote majanini. Mwishoni akasema "breki yo nek", akaonyesha shingo yangu. Hiyo niliielewa bila barua yako.

Lakini kosa ni lako. Mutu aliyedanganya tangu utoto hawezi kusema ukweli siku moja bila kupiga ngoma kwanza. Bwana ametuma telegramu Kampala. We usiogope, Memsabu anakupenda.

Nijibu upesi. Nitukane unavyotaka.

Mubyara wako,
Kadiri

*

Kampala, 23 Machi 1956

Kwa Bwana Kadiri, Gisenyi

Baada ya salamu na heshima, natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Barua yako ya tarehe 27 Februari ilinifikia. Nakushukuru kwa kuchukua taabu ya kuniandikia. Memsabu amenitoa kazini na nimekwisha kurudisha ufunguo wa gari. Sina la kukulaumu.

Nitakaa Kabale, kwenye kituo cha malori, kwa rafiki yangu Hitimana, mpaka nipate njia ya kurudi kwa Mama. Tafadhali mfikishie habari hii, kama haitakuwa usumbufu kwako. Tukionana Gisenyi, salamu itatosha.

Akutakiaye heri,
Dauda

*

Gisenyi, 2 Aprili 1956

Dauda,

Salamu. Mi si muzima.

Barua yako nilimusomea Bibi. Nilipofika pale "Bwana Kadiri" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaacha kuchambua maharage. Akasema, "Amekuzika."

Bwana! Mi? Mi niliyelala na we mukeka mumoja, ukanikojolea mpaka mugongo ukaota kuvu, leo niko Bwana? "Kama haitakuwa usumbufu"! Nimetafuta mbwa ndani ya barua nzima, sikuona hata mumoja. Nikageuza karatasi nikaangalia nyuma. Hakuna. Ni baridi kama kichwa cha mulima Karisimbi asubuhi.

Kwa mama yako nilikwenda. Nilitaka kupasua polepole. Nikaanza na mvua. Nikasifu ugali wake. Shangazi akanitazama: "We Kadiri, tangu uzaliwe hujasifu ugali wangu. Sema umeua nani." Nikasema yote, na gari, na barua zako mbili. Mama yako amevunja mwiko, Dauda. Mwiko wa ugali, mugongoni kwangu, vipande viwili. Hapo sikulia. Lakini baadaye alikaa chini, akaokota vile vipande akavishikanisha, akasema, "Miaka minne mwanangu hakumukwaruzia mutu gari." Hapo ndipo iliponiuma.

Gari wameitoa kwa kamba. Bwana Pilki alipokuwa anaondoka nilimukimbilia barabarani. Kwa Kingereza changu na kwa mikono nilimuambia kwamba we uliandika ukweli mara mbili na mi ndiye nilikataa. Nikamupa barua zako ampelekee dada yake. Alizikunja akaweka katikati ya michoro yake ya ndege. Sijui kama watasoma. Usingoje kitu, mi mwenyewe singoji.

Alhamisi ya juma lijalo tunavunja jungu kwa Bibi, mwezi ukionekana usiku ule tunafunga. Kuna samaki, kuna ndizi, kuna mbuzi ambaye Shangazi amemupa jina langu kabla ya kumuchinja. Bibi amesema hatakula sahani moja na mutu ambaye mubyara wake anamuita Bwana. Nimepewa kazi ya kuosha sufuria, na kula nyuma ya nyumba.

Kazi yako siwezi kuirudisha. Sikuombi unisamehe, najua hujui kufanya hiyo. Naomba tusi. Moja, hata dogo, la kitoto. Uliandika mwenyewe kwamba kuna breki ya kuvunja barafu. Mi sina shoka, ninayo karatasi hii tu.

Dauda, lets tek e breki. Safari hii nimekaa chini. Sigusi kitu.

Kadiri

*

Kabale, 9 Aprili 1956

Kwa Kadiri, mbwa, punda, fenesi lililooza likadondokea njiani,

Salamu sina. Afya yako siiulizi. Nakuja Alhamisi na lori la chumvi la Hitimana. Kazi sina, huruma sina, njaa ninayo. Waambie wasianze bila mimi, na huyo mbuzi mwenye jina lako kichwa chake ni changu.

Lori hili halina breki ya mkono. Likisimama tunaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Liguse hilo jiwe, Kadiri. Liguse tu. Breki yo nek.

Mubyara wako,
Dauda