Dirisha la Juu Halikutosha

Jumanne. Mvua ya alasiri imekatika na mtaa wetu wa Shieywe wote unanuka udongo. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado haukunjiki vizuri.

Wiki saba zimepita tangu gesi ilipuke jikoni mwa hoteli tulimokuwa tukipika mimi na mwenzangu Muhonja. Mimi niliungua mkono. Yeye aliungua miguu yote miwili, kuanzia magotini kwenda chini.

Hilo ndilo limekuwa likinisumbua. Njiti ya kiberiti alikuwa nayo mkononi. Mbona moto ukala miguu?

Watu waliniambia nishukuru Mungu tu. Nimeshukuru. Bado nilitaka kujua.

Leo asubuhi nimeenda Sigalagala kumwona Ayub, fundi wa gesi aliyesoma na kaka yangu.

"Gesi haipandi juu kama moshi, dada," akasema. "Inashukanga chini, inatambaa sakafuni kama maji. Jikoni mlikuwa mmefungua wapi?"

"Dirisha lile la juu, karibu na dari."

"Huko juu gesi haifiki. Na mlango?"

Mlango niliufunga mimi, wateja wasione sufuria chafu.

Hili sijamwambia mtu: siku ile nilisikia harufu ya gesi. Nikafungua dirisha, nikangoja kidogo, nikamwambia Muhonja, "Washa tu, imeisha." Tangu hapo anajilaumu kwamba ndiye aliyewasha.

Nami nilimwacha ajilaumu.

Kutoka Sigalagala nimepitia kwake. Nimemkuta ameketi mlangoni, miguu juu ya kigoda, akichambua mrenda. Nikamweleza ya gesi, kisha nikamweleza yangu. Alitupa jani bovu, kisha jingine, nikatamani anitukane.

"Kwa hivyo tungefanya nini?" akauliza hatimaye.

"Tungefunga mtungi, tufungue mlango, tutoke nje. Bila kuwasha kitu."

"Na nani alitufundisha hayo?"

Akaendelea kuchambua mboga, bila kuniangalia. Halafu akasema hotelini wameshaandika wapishi wawili wapya, wasichana wadogo, na mtungi bado uko pale pale chini ya meza.

Sijui kama amenisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Lakini kesho, kabla chai ya asubuhi haijatengwa, nitakuwa kule jikoni. Mdosi, mwenye hoteli, nitamtafuta baadaye. Nataka kuongea na wale wasichana kwanza.